Pawabenki au sola: ukienda visiwani ubebe nini

Juzi tulikuwa Kirumba, Mwanza, tunapanga safari ya siku nne Rubondo, kisiwa cha hifadhi kwenye Ziwa Victoria, tukabishana karibu saa nzima kuhusu chaji tu, mmoja anataka tununue ile sola ya kukunja unaning'iniza kwenye begi mgongoni, mwingine anasema pawabenki mbili zinatosha tuache makuu. Nimelifikiria sana maana wote wana hoja.

Wa sola hajakosea. Nenda kwenye kambi za dagaa huko visiwani, zamani usiku ni karabai tupu, sasa hivi wengi wana taa za betri wanazozichajisha mchana kwa paneli, na simu wanachaji hapohapo. Alafu sola haiishi, ukikaa wiki mbili inakulisha wiki mbili, wakati pawabenki ikishaisha unazunguka na tofali.

Ila angalia mvuvi anavyoitumia. Paneli yake iko juu ya bati, kutwa nzima haisogei, haina kivuli, na inajaza betri kubwa, haichaji simu moja kwa moja. Sisi tunaotembea ni tofauti. Ukiiweka mgongoni, jua linakupiga usoni yenyewe imegeukia kwingine, ukiingia kwenye miti ndo basi kabisa, na Rubondo sehemu kubwa ni msitu. Hata tawi dogo likitia kivuli paneli umeme unashuka vibaya, sababu vile vipande vimeungwa kwa mstari mmoja, kimoja kikilegea kinawabana wenzake. Na ile ya wati 20 ukipata 12 au 13 jua likiwa kali shukuru, wingu likitanda unapata kidogo sana. Mwaka jana nilichomeka simu direct kwenye paneli nikiwa kisiwa cha Ukara, kila wingu likipita chaji inakata, likiondoka skrini inawaka tena, yaani hiyo kuwaka waka yenyewe inakula chaji, kuanzia asubuhi mpaka mchana simu imetoka asilimia 41 ikafika 46.

Pawabenki nayo ina mambo yake. Ya mAh 20,000 (ndo kipimo cha ukubwa wa betri) haijazi simu ya mAh 5,000 mara nne kama watu wanavyopiga hesabu, umeme mwingine unapotea kuwa joto njiani, wewe hesabu mara tatu kasoro. Hapo ni kama ni ya kweli, maana mitaani zipo zimeandikwa 50,000 na ukiishika ni nyepesi kama pakiti ya biskuti, hiyo achana nayo. Maji pia, mtumbwi ukipigwa na wimbi kila kitu kinalowa, kwahiyo mfuko usioingiza maji mara mbili na ufunge vizuri.

Kwangu mimi safari ya siku nne au tano ni pawabenki, sola naiacha nyumbani, hasa masika. Ikizidi wiki na mna kambi moja mnarudi kila siku, hapo sola ina maana, ila mchana ichaji pawabenki ikiwa imetulia chini ya jua (pawabenki yenyewe ikae kivulini), usiku pawabenki ndo ichaji simu.

Na kuna kitu hakiuzwi dukani. Simu ikiwa sehemu haina mtandao inahangaika kutafuta mnara na hiyo inamaliza chaji kuliko hata picha unazopiga, weka modi ya ndege, GPS itaendelea kufanya kazi kama ramani ulishaidownload.

Kwenye hili ziwa simu ndo ya kuitia msaada injini ikizima katikati ya maji na jua linazama, kwahiyo mimi nikishuka chini ya asilimia 30 sipigi tena picha. Na siku hizi kabla sijapanda mtumbwi namuuliza kwanza nahodha, kaka simu yako ina chaji ngapi, akiniambia imezima namchomekea kwenye pawabenki yangu hapohapo mwaloni, tunaondoka ikishawaka.