Ramani ya Goma: nyumba zimejaa, majina bado

OpenStreetMap, ramani ya watu wa kujitolea, ilianza Uingereza mwaka 2004. Kilichoikuza huku kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, ni picha za setilaiti. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la Haiti, watu waliichora Port-au-Prince wakiwa nchi za mbali, na mwishoni mwa mwaka huo Microsoft iliruhusu picha za Bing zitumike kuchora. Utafiti wa Barrington-Leigh na Millard-Ball uliotoka 2017 ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barabara za dunia zilikuwa zimeshaingia.

Wanaosema ramani ya Goma imekomaa wana hoja nzito. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilikata barabara ya Rutshuru na kumeza nyumba upande wa Buhene. Palipochorwa nyumba moja moja, ukiweka mpaka wa lava juu yake unapata hesabu ya haraka ya zilizoungua. Katika nchi ambayo haijafanya sensa tangu 1984, hilo ni jambo kubwa.

Ila kujaa si kuwa sahihi. Mchoraji wa mbali anaona mabati yaliyoshikana anachora nyumba moja, kumbe chini yake kuna nyumba tatu za mbao na familia tatu. Anaona kijia cha mawe ya lava anakiweka kwenye kundi la barabara za gari, mahali ambapo hata motari hushuka akasukuma pikipiki.

Kosa linalosumbua zaidi ni la picha ya setilaiti kukaa pembeni ya mahali pake halisi, mara nyingine kwa mita kadhaa. Kabla ya kuchora, fungua kwanza nyayo za GPS (mistari iliyorekodiwa na simu za watu waliopita) za barabara mbili tatu zinazokatana, kisha sogeza picha mpaka nyayo ziangukie katikati ya barabara. Asiyefanya hivyo huishia kuweka nyumba juu ya barabara, au kuchora mara ya pili nyumba iliyopo tayari. Njia panda nazo: mistari miwili ikipishana bila nukta ya pamoja, jicho linaona makutano lakini programu ya kuelekeza njia haiyaoni, na inamzungusha mtu bure. Kikaguzi cha JOSM, programu ya kuchorea ramani hii, hukamata kosa hili. Kiendeshe kabla ya kutuma kazi.

Halafu kuna vitu vinavyoondoka. Kambi ya wakimbizi wa ndani ya Bulengo ilivunjwa Februari 2025, na watu wakaondoka ndani ya siku chache. Hema lililochorwa, lenyewe, hubaki mpaka mtu alifute.

Jina la avenyu, saa za kituo cha afya, bomba linalotoa maji: hakuna setilaiti inayoyaona, na kunakili kutoka Google Maps leseni hairuhusu. Hayo huletwa kwa miguu, na mkazi mwenye simu ya Android na StreetComplete, programu inayomuuliza maswali ya kujaza ramani, anaweza kuyajaza mtaani kwake.

Wachoraji wa mbali wanahitajika bado, hasa saa za maafa. Lakini kwa mji kama huu, kipimo cha idadi ya nyumba kimeshachoka. Kwa kila kartie tuulize: avenyu ngapi zina jina, na vituo vya afya vingapi vimetembelewa mwaka huu? Wafadhili wanaoandaa siku za kuchora kutoka mbali watenge pia pesa ya mega za intaneti na ya usafiri kwa vijana wa Katoyi na Mugunga watakaokwenda kuhakiki.