Kazi ya Sumaku

Mji wetu wa Goma, huku Kongo, haujawahi kukosa moto. Volkano ya Nyiragongo ile pale kaskazini, kuna usiku mawingu juu yake yanakuwa mekundu kama vile mtu amesahau mbabula yenye makaa nje. Januari 2002 ilitushushia moto mpaka katikati ya mji, na hakuna aliyekuwa ameagiza. Mei 2021 ikarudia, tukakimbia tena na magodoro kichwani. Huku chini nako ziwa Kivu limejaa gazi, methane kabisa, mpaka wenzetu wa ng'ambo kule Karongi, Rwanda, tangu 2016 wanaivuta toka kilindini na kuifanya umeme. Moto juu, gazi chini. Na katikati yake niko mimi, baba wa watoto wanne, nimechuchumaa jikoni mtaani Katindo, kidole gumba juu ya kitufe, kwa sababu nikikiachia tu jiko linasema pfu.

Msiniulize kwa nini nilinunua jiko la gazi. Muulizeni anayeuza gunia la makala ya kupikia.

Ni jiko la mitumba, la plati mbili, upande mkubwa na upande mdogo. Lilikuja juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, toka mtaa wa Birere, likirukaruka kwenye mawe ya volkano, na mimi nyuma yake nikilishika kama mgonjwa. Miezi mitatu limefanya kazi bila neno. Halafu asubuhi moja ya Jumamosi upande mkubwa ukaanza mambo yake. Unabonyeza, unazungusha, unapiga kiberiti, moto unawaka vizuri, wa bluu, unasema asante Mungu. Unaachia kitufe. Pfu. Nikahesabu mpaka 10, pfu. Mpaka 30, pfu. Nikahesabu kwa Kifaransa mpaka soixante, nikidhani labda linaheshimu waliosoma. Pfu.

Na siku hiyo ilikuwa siku ya maharage.

Mama Neema alisema, "Shikilia kidogo, itazoea." Sasa nikashikilia. Baada ya dakika tano gumba linakuwa jeupe. Baada ya kumi huna habari nalo tena, unaliona tu pale kama gumba la mtu mwingine. Unabadilisha la kushoto, haraka, haraka zaidi ya moto kugundua. Goti liko juu ya simenti, mvuke wa maharage uko usoni, nzi ametua kwenye sikio na anajua kabisa huna mkono wa kumfukuza. Jirani yetu Mama Bahati akaingia kuomba chumvi, akanikuta hivyo, akashusha sauti: "Pole, Papa Neema. Sikujua muko kwenye maombi." Akatoka kinyumenyume. Chumvi hakuchukua.

Simu ikalia, ni mkubwa wangu wa kazi. Nikamwita Neema anishikie. Neema akamwita mdogo wake. Kufikia saa sita tulikuwa na zamu nyumbani kama walinzi wa benki, na maharage bado yanalia kokoto sufuriani.

Jioni wakaja washauri. Goma hii, ukisema kitu chako kimeharibika, hata mtu aliyekuwa anapita kwenda mtaa wa Himbi anakata kona. Shemeji yangu akanusa chupa akasema gazi hii wameichanganya na maji. Nikatafuta chupa nyingine. Pfu. Mwalimu wa pale kwenye kona akasema hapana, ni kile kichwa cha chupa, detanda, presha imechoka. Nikanunua detanda. Pfu. Wa tatu akalaumu mpira. Nikanunua mpira mpya wa rangi ya machungwa, mzuri hata kuvaa. Pfu.

Sasa sikilizeni kitu kinachoniuma mpaka leo. Muda wote huo, wakati wanashtaki gazi, wanashtaki detanda, wanashtaki mpira, hao washauri walikuwa wanakunywa chai. Na chai ilikuwa inachemka wapi? Upande mdogo! Jiko lile lile, chupa ile ile, detanda ile ile, mpira ule ule, moto wima kama askari, hauzimi hata ukiuimbia. Ushahidi ulikuwa ndani ya vikombe vyao, na sukari yangu juu yake. Hakuna aliyeuona, na mimi wa kwanza.

Jumatatu nikaita fundi. Akaja na bisibisi moja na kiburi cha watu saba. Lakini tumpe haki yake, huyu alifungua, akanionyesha kamsumari ka shaba kamesimama kando ya moto, nyuma yake kawaya kembamba kanaingia kwenye kitufe. Anakaita termokupo. Ndani ya ile ncha, anasema, kuna madini mawili tofauti yameunganishwa. Moto ukiipiga, inazaa kaumeme, milivolti 20 au 30 hivi, na kumbukeni betri moja ya redio ina 1,500. Haiwezi kuwasha hata taa ya tochi. Ila inatosha kushikilia kasumaku ndani, na hiyo sumaku ndiyo inaweka mlango wa gazi wazi. Moto ukizimika, ncha inapoa, sumaku inachoka, springi inafunga gazi.

Yaani siku tatu nilikuwa nafanya kazi ya sumaku. Bila mshahara, sawa, hilo nimezoea.

"Hii imekufa," fundi akasema. "Lakini haina shida, mzee. Tunaitoa, ninafunga pale sumaku na waya, kitufe kinabaki wazi siku zote."

Mzee wa nyumba ya nyuma, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya chai, akaweka kikombe chini. "Kijana, unajua mazuku?" Nani hajui mazuku hapa? Ile hewa mbaya ya volkano, nzito, inalala kwenye mashimo, mbuzi anashuka na hapandi tena. "Sasa na gazi ya chupa nayo ni nzito. Upepo ukizima moto na mlango umeachwa wazi, inajaa toka chini, kwenye kimo cha mtoto aliyelala. Mazuku haiwaki. Hii inawaka." Akachukua kikombe chake. Mama Neema akamwangalia fundi namna ambayo hata mimi niliomba msamaha. Fundi akabadilisha wimbo: basi, apewe pesa ya transport akatafute termokupo mpya Birere. Nikampa. Akaenda nayo.

Neema alikuwa anaosha vyombo. "Papa, ni kale kamsumari?"

"Kale."

"Ijumaa nilikuwa nasugua, kakakamata kitambaa. Nikakainamisha chini."

Nikainama. Kweli, ncha ilikuwa imelala pembeni, moto unapita juu yake bila kuigusa, na mafuta ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, yamekauka juu yake kama lami. Nikangoja vipoe. Nikaipitisha msasa laini, taratibu, mpaka shaba ikaonekana. Nikaisimamisha ncha yake ikae ndani ya moto wenyewe, nikaangalia nati ya waya isiwe imelegea, nikapaka maji ya sabuni kwenye maungio, hakuna povu. Nikawasha. Nikahesabu mpaka 20, kwa Kiswahili safari hii. Nikaachia, nimefumba macho.

Kimya. Halafu ile sauti ya moto, fuuu, inaendelea.

Nimebaki na detanda mbili, mipira miwili, chupa mbili na gumba moja lisilosikia baridi. Hayo nimeyameza. Fundi alipotea siku nne, na jana akapiga simu, sauti tamu kama ya mtu anayechumbia.

"Mzee, nimesikia jiko limepona. Sasa ile salio yangu?"

"Salio ya nini? Ni mtoto ndiye aliyetengeneza!"

"Sawa, mzee. Lakini mtoto aliona kamsumari baada ya nani kufungua?"

Nimetafuta jibu tangu jana. Mama Neema anasema nimpe nusu, na nusu nyingine nimpe Neema. Neema naye anasema yeye hana haraka, ila kuna na upande mdogo, ambao hajausugua bado.