Kodi ya mafuta iongezwe, ila iwe na tarehe ya mwisho

Naunga mkono mji au wilaya kuongeza kodi ya mafuta ili kutengeneza barabara zake. Najua kauli hii hainipi marafiki kwenye foleni ya pampu. Lakini barabara mbovu nayo inatutoza, tena kila siku, kwa tairi zinazopasuka na springi zinazokatika, na pesa hiyo ikishafika gereji haizibi hata shimo moja.

Kinachonitia shaka ni muda, wala si kiasi. Kodi isiyo na kikomo huishi kuliko ahadi iliyoizaa. Uingereza ilishayaona haya. Mwaka 1909 waziri wa fedha, David Lloyd George, alileta kodi ya petroli ya peni 3 kwa galoni, na mapato yake pamoja na ya leseni za magari yakaahidiwa kwenda kwenye barabara. Ulipofika mwaka 1926, waziri wa fedha akiwa Winston Churchill, mfuko wa barabara ulikuwa umenona, naye akachota humo kuziba pengo la bajeti. Mfuko ulikuwa na sheria yake na jina lake, na havikuusaidia kitu. Kwa hiyo mtu akiniambia "fedha zitawekwa kwenye akaunti maalumu", namsikiliza tu kwa adabu.

Ninachokiamini zaidi ni walichofanya watu wa Portland, kwenye jimbo la Oregon huko Marekani. Mei 2016 wapiga kura waliidhinisha nyongeza ya senti 10 kwa galoni, lakini kwa miaka minne tu. Miradi ilitajwa mapema, na kamati ya wananchi ikapewa kazi ya kufuatilia matumizi. Muda ulipokwisha, jiji lilirudi kwa wapiga kura mwaka 2020, likarudi tena 2024, na mara zote mbili likakubaliwa. Kiongozi anayejua kwamba atakuja kuomba upya hawezi kumlea mkandarasi anayemwaga lami nyembamba inayobanduka na mvua ya kwanza. Yule aliyepewa kodi ya milele ana sababu gani ya kuhangaika?

Wapo wanaotaka kodi ipande yenyewe kufuata mfumuko wa bei. Hoja yao ina uzito: kodi ya petroli ya serikali kuu ya Marekani ni senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, na kwa kukaa pale pale imeliwa na bei za lami na vibarua. Hata hivyo, kwa kodi ya mji nakataa. Kama senti 10 hazitoshi tena, waje waseme, waonyeshe na walichofanya na zile za mwanzo.

Suala la malori ni gumu zaidi. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba ukizidisha mara mbili mzigo wa ekseli, yaani chuma kinachounganisha magurudumu, barabara huumia takriban mara 16. Hakuna lori linalokunywa mafuta kwa kiasi hicho. Maana yake, kodi ya mafuta ikiachwa peke yake, mwenye gari dogo anamlipia mwenye shehena. Portland waliliona hilo mwaka ule ule wa 2016, wakaweka tozo ya pembeni kwa magari mazito. Mji unaoongeza kodi kwenye pampu huku ukiogopa kuwagusa wenye malori haujamaliza kazi.

Kuna wanaosema madereva watavuka mpaka kwenda kujaza tangi kwa jirani. Nyongeza ikiwa kubwa, watavuka kweli. Ikiwa ndogo, safari yenyewe itakula faida.

Pingamizi ninalolipa heshima ni la mtu wa kipato cha chini. Gari lake kuukuu linakunywa mafuta, analipa kila anapojaza, huku jirani mwenye gari la umeme akipita kwenye lami hiyo hiyo bila kutoa kodi hii hata senti. Oregon ilianza mwaka 2015 mpango wa hiari wa kulipia umbali unaoendeshwa badala ya mafuta, na naona siku moja tutalazimika kuelekea huko. Kwa sasa ningetaka barabara za mabasi zitengenezwe kwanza, kwa sababu ndizo zinazobeba watu wasio na gari kabisa. Na hii ni sababu nyingine ya kutaka miaka minne: magari ya umeme yanaongezeka, na kodi inayofaa leo huenda isifae watakapokuja kuiombea kura tena.