Mwalimu, Taja Kitabu Ukipendacho

Jamani, kuna maswali ya kumuuliza mwalimu na kuna maswali ya kumwachia malaika. Niulize darasa lipi linanipandisha presha, nitakutajia. Niulize nani anamaliza chaki za ofisini, nitakutajia na shahidi nitakuletea. Lakini usinisimamishe mbele za watu ukaniuliza, "Mwalimu, kitabu gani unakipenda kuliko vyote?" Hapo unatafuta ugomvi.

Mkuu wetu wa shule kaamka na wazo. Mkuu wa shule akiamka na wazo, ujue kuna karatasi ya kujaza. Safari hii kila mwalimu aandike kitabu akipendacho, aeleze sababu tatu za kukipenda, halafu apigwe picha amekishika, vyote vibandikwe kwenye ubao wa matangazo nje ya maktaba, ili wanafunzi waone kwamba walimu wao nao wanasoma. Wazo zuri, sikatai. Mtoto hapendi kusoma kwa kuhubiriwa kila asubuhi. Anapenda akimwona mtu mzima kazama kwenye kitabu mpaka kengele imelia hajasikia. Kilichotuharibia ni hiyo picha. Mwambie mwalimu atapigwa picha na kitabu uone: kile anachokipenda kinabaki chini ya mto, anakwenda kutafuta kinachoendana na suti.

Nilisimama mbele ya ubao ule nikasoma orodha yote. Ungedhani sisi ni baraza la maprofesa wastaafu! Watu ninaowajua vizuri, ninaokaa nao ofisi moja, ambao maandishi marefu kuliko yote waliyosoma mwaka huu ni ugomvi kwenye kundi la simu la ukoo, wote wamegeuka kuwa wapenzi wa vitabu vinene. Chembamba hakuna hata kimoja.

Tuanze na mwalimu wa jiografia. Kaandika *Vita na Amani*, cha Leo Tolstoy. Kitabu kikubwa kile, kilitoka kwa vipande kuanzia 1865 mpaka 1869, kina wahusika zaidi ya 500. Na wahusika wenyewe ni Warusi: mmoja ana jina lake, ana jina la baba yake, ana la ukoo, ana na la kudekezwa nyumbani. Anaingia mtu mmoja sebuleni, wewe unadhani wamekuja wanne. Sasa mwenzangu huyu anafundisha darasa la wanafunzi 40, na mpaka leo anawaita "wewe wa dirishani" na "wewe mwenzake". Hao 500 wa Urusi ndio amewashika?

Nikamuuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, mwisho wake unakuwaje?"

Akavua miwani, akaifuta. "Mwalimu mwenzangu, mimi sipendi kuharibia watu uhondo."

Kitabu kina zaidi ya miaka 150, yeye anaogopa kuniharibia uhondo!

Haya, mwalimu wa historia. Kachagua *Don Quixote* cha Miguel de Cervantes, na sababu yake ya kwanza ni "tukio la kusisimua la vinu vya upepo". Ya pili, "mafunzo yapatikanayo katika vinu vya upepo". Ya tatu kaandika "n.k." Nimewachunguza wapenzi wa kitabu hiki kwa muda mrefu, wote ni watu wa vinu. Hakuna anayetaja kingine. Sasa sikiliza: sehemu ya kwanza, ya 1605, ina sura 52. Sehemu ya pili, ya 1615, ina sura 74. Jumla 126. Na vile vinu, ambavyo shujaa wa hadithi anavidhania majitu akavishambulia, viko sura ya 8. Kazi ya kujua mwenzetu kaishia wapi nakuachia wewe.

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi. Mwishoni mwa hiyo hiyo sura ya 8, Cervantes anakatisha hadithi katikati ya pambano. Panga ziko juu, watu wanatazama, halafu mwandishi anakwambia eti maandishi aliyokuwa akiyafuata yameishia hapo. Ufunue sura ya 9 ndipo uone yaliyobaki yamepatikanaje. Mwalimu wa historia hajafunua. Kwake yeye panga bado ziko hewani mpaka leo, mikono imewafa ganzi wale watu.

Na hata kama angekimaliza, kitabu chenyewe kinahusu nini? Kinahusu mzee aliyesoma vitabu mpaka akili ikaruka. Hicho ndicho cha kubandika nje ya maktaba? Tunahangaika kuwavuta watoto waingie, mwenzetu anawawekea tangazo la madhara!

Mwalimu wa fizikia kaleta kile cha Stephen Hawking cha 1988, kinachoeleza ulimwengu ulianzaje na mashimo meusi ni kitu gani. Hawking mwenyewe anasimulia kwenye shukrani zake kwamba aliambiwa kila mlinganyo atakaouweka utapunguza mauzo kwa nusu, basi akauweka mmoja tu, ule maarufu wa Einstein. Mwenzetu kaiandika hiyo kuwa sababu namba moja: "Mwandishi anamhurumia msomaji." Mungu akupe nini! Kwa milinganyo anayoimwaga ubaoni kipindi kimoja, kwa hesabu hiyo ya nusu kwa nusu, mpaka kengele inalia darasani angekuwa amebaki na goti la mwanafunzi.

Halafu kitabu hicho kina sifa mbaya. Mwaka 2014 mwanahisabati wa Marekani, Jordan Ellenberg, alibuni kipimo cha utani cha kukisia watu huwa wanafika wapi kabla ya kukitupa kitabu. Alitazama mistari ambayo wasomaji wa vitabu vya kielektroniki wameipigia alama zaidi. Ikiwa imetawanyika mpaka mwisho, watu walifika. Ikiwa imerundikana mwanzoni, basi huko mbele hakuna nyayo. Kitabu cha Hawking kilipata asilimia 6.6, na kipimo chenyewe kikapewa jina lake. Nilipomwonyesha mwalimu wa fizikia akasema utani si ushahidi. Sawa. Lakini mwanafunzi akipata 6.6 kwenye mtihani wake, huwa anamwita mzazi.

Mwalimu wa Kiswahili simgusi, maana yeye kasoma kweli, na hiyo ndiyo taabu yetu nyingine. Kaandika tafsiri za Shakespeare alizofanya Julius Nyerere: ile ya Julius Caesar iliyotoka 1963 na *Mabepari wa Venisi* ya 1969. Ukimwambia huna muda wa kusoma, umekwisha. "Mwalimu, rais wa nchi alipata muda wa kutafsiri Shakespeare mara mbili, wewe umebanwa na nini? Andalio la somo?" Unabaki unatazama viatu. Tangu ubao ule ubandikwe, hatupumui. Ukiuliza nani kachukua kalamu nyekundu, anakujibu kwa mistari ya Brutus, yule wa kwenye Julius Caesar.

Sasa njoo kwa madamu wa hesabu. Huyu ndiye msomaji kuliko sisi wote tukichanganywa, ila anachosoma ubaoni hukioni. Anasoma riwaya za mapenzi. Zinapita mikononi mwake moja baada ya nyingine, kila moja kaivalisha jalada la karatasi ya kaki, juu kaandika kwa mkono: "Hesabu, Kitabu cha Tatu". Kasimamia muda wa kujisomea darasani, kafungua Kitabu cha Tatu, machozi yanamtiririka. Wanafunzi wanamtazama, wanatazamana. Nina hakika kuna watoto wameliacha somo la hesabu siku ile, wamejisemea kama linamliza mwalimu mwenyewe, sisi ni nani.

Lakini kwenye karatasi ya mkuu kaandika nini? Euclid! Mgiriki wa miaka 300 hivi kabla ya Kristo, vitabu 13 vya pembe na mistari. Nikamfuata.

"Madamu, hivi umevisoma vyote 13?"

"Wewe umevisoma?"

"Hapana."

"Basi nani atanihoji?"

Akarudi kwenye Kitabu cha Tatu chake. Nikaona kweli mtu wa hesabu ni wa hesabu, kaniziba kwa hatua mbili tu.

Mimi niliandika ukweli, na ukweli umeniletea matatizo. Niliandika hadithi za upelelezi. Zote. Agatha Christie peke yake kaacha riwaya za upelelezi 66, mtu unaweza kuzeeka nazo kwa amani. Mimi nataka kitabu ambacho mpaka ukurasa wa ishirini kuna mtu kafa na kila aliyebaki anasema alikuwa amelala. Mkuu akaniita ofisini.

"Mwalimu, huna kitu kizito kidogo?"

"Mkuu, maiti si nzito?"

Hakucheka. Akaniuliza watoto watajifunza nini kwenye mauaji. Nikamweleza: darasani nawapa kifungu cha ufahamu chenye aya mbili, wanarukia maswali bila kusoma kifungu. Lakini mpe mtoto yuleyule hadithi ya upelelezi. Anasoma mpaka rangi ya mapazia, kwa sababu anajua pale kwenye mapazia ndipo mwandishi kaficha kisu. Anarudi nyuma kurasa kumi mwenyewe, hajatumwa, kuhakikisha kama yule shangazi alisema saa mbili au saa tatu. Kuna mtaala gani unaofanya hivyo? Mkuu akasema ataitafakari hoja yangu. Picha yangu ikabandikwa chini kabisa, karibu na ratiba ya usafi.

Ndipo nikakumbuka nina wakili. Daniel Pennac, Mfaransa, mwandishi aliyefundisha shule miaka mingi. Mwaka 1992 alitoa kitabu chenye haki kumi za msomaji. Haki ya kwanza ni ya kutosoma. Inafuata haki ya kuruka kurasa, kisha haki ya kutomaliza, ya kusoma tena, ya kusoma chochote unachotaka, na kadhalika, mpaka ya kumi ambayo ni haki ya kunyamaza: umesoma, umependa, na hakuna mtu wa kukuhoji. Nikainakili orodha yote kwa mwandiko mzuri, nikampelekea mkuu. Akasoma haki ya kwanza, akakunja karatasi.

"Mkuu, tafadhali endelea mpaka ya kumi."

"Natumia ile ya tatu," akasema.

Kumbe jicho lilikuwa limeshuka mpaka huko. Nilimheshimu kwa hilo, siwezi kudanganya.

Unajua nani kashinda kwenye ubao ule? Mwalimu wa michezo. Kaandika bila haya: *Kanuni za Mpira wa Miguu*. Kanuni 17, kazisoma zote, na anazirudia. Picha yake imezungukwa na watoto tangu asubuhi. Wanabishana juu ya kanuni ya 11, ile ya kuotea, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anampinga kwa kifungu, wa tatu kakimbilia maktaba kutafuta kitabu chenyewe. Watoto wanasoma matini, wanafasiri, wananukuu! Mkuu kapita pale akasema, "Acheni kelele, someni."

Wanafunzi nao, mkiwaona wadogo msiwadharau. Waligundua kitu ambacho mimi na ubobezi wangu wote wa upelelezi sikukiona. Kinda mmoja wa kidato cha pili, mfupi, mwenye sauti ya kuuliza maswali, aliziangalia zile picha akasema, "Mwalimu, mbona wote wameshika kitabu kimoja?" Nikasogea. Ni kweli! Jiografia, historia, fizikia na madamu wa hesabu, kila mmoja kaweka kiganja palepale kwenye jina. Unene mmoja, rangi moja, kona ileile imeliwa na panya. Ilikuwa kamusi ya maktaba. Mkutubi alikuwa akiwaazima kwa zamu.

Mkuu mwenyewe ubaoni hayupo. Anasema anavyovipenda ni vingi mno, akitaja kimoja vingine vitanung'unika.

Na sasa kaja na awamu ya pili. Kila mwalimu atasimama mstarini asubuhi, ataongea dakika tano kuhusu kitabu chake, kisha wanafunzi watauliza maswali. Tangu atangaze hivyo, mwalimu wa jiografia ameanza kukohoa. Wa fizikia kaomba ruhusa ya kwenda semina ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Madamu wa hesabu yuko shwari, kasema atawaandikia nadharia moja ya pembetatu ubaoni na hakuna atakayenyoosha mkono.

Anayetia huruma ni wa historia. Yule kinda wa kidato cha pili kaazima *Don Quixote* maktaba, kile kitabu chenyewe, na anakisoma. Anakisoma kweli, anatembea nacho korido nzima anagonga watu. Jana kanisimamisha akaniuliza kama anaruhusiwa kumuuliza mwalimu wa historia ni nani aliyeshinda lile pambano la panga. Nikamwambia swali zuri sana hilo, uliza kwa sauti kubwa.

Leo asubuhi mwalimu wa historia kanivuta nyuma ya kabati la madaftari, kaangalia huku na huku.

"Mwalimu mwenzangu, wewe ni mtu wa kusomasoma. Hivi baada ya vile vinu kunatokea nini?"

Nikamwambia mimi sipendi kuharibia watu uhondo.