Korongo wa Lausitz wasitudanganye

Kila msimu wa vuli nikituma picha za korongo wanaotua kwa maelfu kwenye machimbo ya zamani ya makaa ya mawe huku Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, hakosi mtu wa kuniandikia: "Unaona wenzetu? Wanachimba na wanyama wanabaki." Mimi naishi Cottbus, mji wa hukuhuku Lausitz; kwetu ni Geita, Tanzania, kwenye dhahabu. Nina la kusema.

Hawakubaki. Ardhi ilifumuliwa yote, na vijiji zaidi ya 100 vikabomolewa kupisha makaa. Ndege wamerudi baadaye, na wamerudi kwa sababu binadamu tumefungiwa nje. Kule Wanninchen, machimbo ya zamani yaliyogeuzwa hifadhi, kuna vibao: usivuke, hatari ya kifo. Mchanga uliorudishwa mashimoni haujashikamana; maji ya ardhini yakipanda unaweza kugeuka uji ghafla. Korongo anasimama zake kwenye maji ya kina kifupi, analala, hakuna wa kumfuata. Hata mbwa mwitu (hawa wa kijivu, si wale wetu wenye madoa) walipoanza kuzaa tena mwaka 2000, walichagua uwanja wa mazoezi ya jeshi.

Na gharama je? Kurekebisha machimbo yaliyoachwa na iliyokuwa Ujerumani Mashariki kumekula zaidi ya yuro bilioni 10 za walipa kodi. Bado kuna sehemu mto Spree unapita mwekundu kama kutu, kwa chuma kinachovuja kutoka ardhi iliyochimbuliwa. Tope lake linafunika chini pale wadudu na mayai ya samaki yalipotakiwa kuwa.

Sasa turudi nyumbani. Mjomba wangu ana duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo wa dhahabu. Kila duara linakula matimba, magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na matimba ni miti ya miombo. Kilima tulichokuwa tukisikia kanga wakilia alfajiri leo kina visiki na makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Dhahabu inakamatwa kwa zebaki, kisha zebaki inachomwa hadharani. Moshi wake haupotei. Unashuka, unafika majini, vijidudu vya kwenye tope vinaubadilisha kuwa sumu inayokaa mwilini: dagaa analiwa na sangara, sangara analiwa na furukombe, na sisi tumo humohumo kwenye foleni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Kijijini zebaki bado inapimwa kwa kifuniko cha soda.

Migodi mikubwa walau inadaiwa dhamana ya kurekebisha mazingira. Ya duara la mjomba anayo nani? Ndiyo maana "tuchimbe kwanza, tutapanda miti baadaye" naiona ni hesabu ya tajiri iliyoazimwa na maskini. Kama ni kuiga, tuige kile kibao, ila sisi tukisimike kabla ya shimo: msitu huu na mto huu, haviguswi.

Likizo iliyopita tulipita kwenye duara lililoachwa. Ndani alikuwemo kenge, akizunguka ukutani. Kila akipanda, udongo unamporomokea. Mjomba akateremsha timba kuukuu, tukasogea pembeni, kenge akapanda taratibu akaingia majanini. Nikamuuliza kwa nini wasilifukie.

"Nikilifukia, mpwa wangu, wiki ijayo mwingine atalifukua," akasema, akaokota lile timba akalitia begani. Lilikuwa bado linafaa.