Ndoo ya kilo 7

Mwaka wa tano huu niko Port Lincoln, Australia ya Kusini, nachambua kamba kiwandani kwa ukubwa wao. Mjomba wangu wa Ngomeni, pwani ya Kenya, kila tukipigiana simu, swali lake ni moja: huko mnavuaje hata kamba wasiishe? Zamani ningemjibu kwamba wana mashine. Siku hizi namsimulia habari ya ndoo.

Ghuba ya Spencer ya huku ina leseni 39 tu za kuvua kamba kwa nyavu za kukokota. Kwa mwaka mzima meli hizo huvua usiku kama 50 hivi, tena usiku wa kiza, maana kamba wa huku mchana hujifukia mchangani. Kabla ya kuanza, baadhi ya meli hutoka kupima: zinakokota kwenye vituo maalumu, kamba wanahesabiwa na kupimwa, ndipo ramani inapochorwa, hapa ruhusa, hapa marufuku. Uvuvi ukishaanza, mabaharia wanaendelea kujaza ndoo ya kilo 7 na kuhesabu wamo kamba wangapi. Wakizidi idadi iliyokubaliwa, ndio kusema ni wadogo, na kamati ya wavuvi wenyewe walioko baharini huwahamisha wenzao na kulifunga eneo lile. Nahodha aliyechoma mafuta kufika pale anageuza meli, analalamika, lakini anageuza.

Sasa njooni kwetu, Ghuba ya Ungwana. Matrola yetu, yaani meli za nyavu za kukokota, yaligombana na wavuvi wadogo miaka na miaka, nyavu zikikatwa, kasa na samaki wasiotakiwa wakitupwa, hadi serikali ikayasimamisha mwaka 2006. Yaliporuhusiwa tena 2011 yalikuta mpango wa 2010: yasikaribie pwani chini ya maili 3 za baharini, yasivue usiku, na kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi yasivue kabisa.

Mpango wenyewe siubezi. Kamba hutaga nje kwenye kina, watoto wakaletwa na maji hadi kwenye mikoko na maji ya tope karibu na mito ya Tana na Sabaki, wakakulia humo, kisha wakarudi nje. Ukilifungia trola maji ya karibu, umewapa watoto nafasi. Na kamba hukua upesi. Miezi michache tu ya kusubiri inabadilisha uzito wake na bei yake.

Ila kalenda haimwoni kamba. Masika ikichelewa, na Tana nayo ikachelewa kujaa, kamba hatakuwa vile tulivyomtarajia, na tarehe 31 Machi itabaki palepale. Mjomba angeweza kukwambia hayo kwa kutazama kapu tu. Kina mama wanaonunua kamba pale bandarini wangekwambia mapema zaidi, maana mfuko wa pesa ni wao. Hakuna anayewauliza.

Msidhani huku ni peponi. Leseni 39 maana yake bahari ina wenyewe, na sisi wengine ni vibarua. Eneo likifungwa na meli ikarudi na mzigo mdogo, mimi napunguziwa saa za kazi. Mwenye meli ana benki ya kumsubiri, nami nina kodi ya nyumba. Kwa hiyo anayetaka kuuchukua utaratibu huu mzimamzima aupeleke Ngomeni, kwa mtu mwenye mtumbwi mmoja na nyavu mbili, amejiandalia ugomvi. Mvuvi wetu akiambiwa asitoke leo, ni chungu cha leo kinachokosa mboga.

Ninachotaka kivuke bahari ni kile kidogo tu: kuhesabu, na idadi ile kuwa na nguvu. BMU zetu, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zipo, zina ofisi na madaftari. Ziwekewe mizani na ndoo, zihesabu kila asubuhi ya msimu, na idadi ikivuka mpaka, matrola yasogezwe nje siku hiyo hiyo bila kungoja waraka kutoka Nairobi. Tuanze na matrola, kwa sababu hayo ndiyo yanayoweza kusubiri.

Nilimweleza mjomba haya yote juzi. Alikaa kimya kidogo, nikasikia mawimbi kwenye simu. "Ndoo ninayo, mwanangu," akasema. "Nikishahesabu, nimpigie nani?"