Sungura wa Bell na Vitoto vya Mbwa vya Magendie

Ndani ya uti wa mgongo unapita uzi mnene wa neva, ugwe mgongo, na kwenye kila pingili uzi huo hutoa mizizi miwili kila upande: mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma. Mizizi hiyo haiendi mbali kabla ya kuungana na kuwa neva moja inayoshuka mguuni au kwenda mkononi. Kwa nini maumbile yaanze na mizizi miwili kisha yaiunganishe? Jibu lilipatikana Paris mwaka 1822, kwa kufungua migongo ya vitoto vya mbwa vilivyokuwa hai, vya umri wa wiki sita, bila dawa yoyote ya usingizi.

Habari hii ninairudia mara kwa mara kwa sababu mabishano juu ya majaribio ya kale ya ubongo na neva huwa yanapishana njiani. Anayetetea husema bila wanyama wale tusingejua lolote kuhusu kiharusi wala kifafa. Anayepinga husema ulikuwa ukatili mtupu ambao haukumfaa yeyote. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kila mmoja anaikwepa sehemu inayomuuma.

Tuanze London. Mwaka 1811, Charles Bell, daktari wa upasuaji kutoka Scotland, alichapisha nakala 100 za kijitabu kuhusu ubongo na kuwagawia rafiki zake. Bell hakuwa na moyo wa kuumiza wanyama. Alimchukua sungura, akampiga hadi akapoteza fahamu, ndipo akamfungua mgongo. Alipougusa mzizi wa mbele, misuli ilishtuka. Alipoukata wa nyuma, misuli ilitulia. Akatambua kwamba mzizi wa mbele una kazi ya kutembeza viungo, na hapo alipata. Kuhusu mzizi wa nyuma alikosea: hakujua kwamba ndiyo njia ya hisia. Na angejuaje? Sungura aliyezimia haonyeshi kama anahisi au hahisi. Huruma yake Bell ndiyo iliyomzuia kuliona jibu.

François Magendie, mtafiti wa Paris, hakuzuiwa na kitu. Alipata vitoto vinane vya mbwa vya uzazi mmoja, akavifungua migongo, akakata mizizi ya nyuma na kushona kidonda. Kitoto kilipozinduka, mguu ulikuwa umekufa ganzi: ukiuchoma au kuuminya hakishtuki, lakini bado kinautembeza. Akajaribu mizizi ya mbele, na mambo yakageuka: mguu ulilegea kama kitambaa, lakini ulipochomwa, mtoto wa mbwa alilia. Ndiyo kusema ujumbe wa hisia huingia kwa nyuma na amri ya kusogea hutoka kwa mbele. Daktari wa leo anayempima mgonjwa aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, akimchoma vidole vya mguu kwa pini kisha kumwambia avikunje, anatumia ramani iliyochorwa kwenye migongo ile.

Hapa hoja ya watetezi ina nguvu kuliko wengi wao wanavyojua kuieleza. Hawahitaji kusema tu kwamba matokeo yalifaa. Wanaweza kusema kwamba swali lenyewe, yaani hisia inapita wapi, lilimtaka mnyama anayehisi. Mwaka uleule wa 1822 Bell alimwandikia ndugu yake kwamba alipaswa kuendelea na makala zake za neva, ila majaribio yanayohitajika yanamchukiza na anayaahirisha. Ninamheshimu kwa barua ile. Lakini yeye na wafuasi wake walitumia miaka mingi kudai kwamba ugunduzi wote ni wake, na alipochapisha upya makala zake za awali alibadili maneno yake ya zamani yaafikiane na yale ya Magendie. Alidai kwamba kuchunguza maiti kulitosha, na huku jibu kamili akilichukua kwenye meza ya mtu aliyemlaumu. Mpinzani wa leo anayetaka kusema kwamba majaribio yale hayakufundisha kitu lazima aeleze kwa nini Bell mwenyewe aliyahitaji kiasi hicho.

Sasa upande wa pili, nao una mambo mazito.

Mwaka 1831, miaka tisa baada ya Magendie, Johannes Müller wa Ujerumani alilijibu swali lilelile kwa chura. Mfereji wa mgongo wa chura hufunguliwa kwa urahisi, na chura hustahimili upasuaji. Matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba mtu yeyote mwenye meza na kisu aliweza kuyarudia bila kumtesa mbwa. Chura naye anaumia, sisemi hapana. Lakini kidonda ni kidogo na kazi ni fupi. Kwa hiyo kauli ya kwamba hapakuwa na njia nyingine ilikuwa na maana moja tu: hakuna aliyejisumbua kuitafuta njia hiyo kwanza. Mtetezi anayeitumia kauli ile leo anapaswa kuonyesha alitafuta wapi.

Tuliosoma baiolojia kidato cha tano na sita tunakumbuka harufu ya klorofomu siku ya kupasua panya. Tulimkuta amekwisha lazwa, tukawa na haraka ya kuchora moyo na mapafu. Nakumbuka hatukuambiwa kwamba kulikuwa na wakati ambapo maabara hazikuwa na dawa hiyo. Etha ilionyeshwa Boston mwaka 1846, na klorofomu ikaanza kutumika Edinburgh mwaka 1847. Kabla ya hapo hata binadamu alikatwa mguu akiwa macho, kwa hiyo kumlaumu Magendie kwa kukosa nusukaputi ni kumwonea. Kumlaumu kwa kurudia ni haki. Mwaka 1824 alikwenda London akaonyesha mbele ya watu majaribio ya neva kwenye wanyama hai, mengi yakiwa ni yale ambayo matokeo yake alikuwa amekwisha kuyachapisha. Mwaka uliofuata mbunge Richard Martin, aliyepitisha sheria ya mwaka 1822 ya kulinda mifugo, alisimama Bungeni akadai kwamba mbwa mmoja aligongomelewa misumari na kuachwa usiku kucha ili kesho yake akatwe upande wa pili.

Wapo waliojiliwaza kwamba kilio cha mbwa ni kama mlio wa bawaba, mashine tu inayokwaruza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mnyama hana ulimi wa kusimulia. Lakini elimu ya neva yenyewe ndiyo iliyoivunja hoja hiyo. Ikiwa mizizi ya mbwa imepangwa kama yetu, hisia zikiingia kwa nyuma na amri zikitoka kwa mbele, basi jaribio lina thamani kwetu, na kwa sababu hiyohiyo maumivu yake ni maumivu. Ikiwa haikupangwa kama yetu, huenda haumii kama sisi, lakini basi alipasuliwa bure. Mtafiti hawezi kuila faida ya ufanano wetu na mnyama kisha akaikana gharama yake.

Hili halikubaki kuwa hoja ya vitabuni. Claude Bernard, mwanafunzi wa Magendie, aliichunguza kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, akaonyesha kwamba inakata mawasiliano kati ya neva za mwendo na misuli. Mnyama hawezi kujitikisa, lakini njia ya hisia imebaki wazi. Ndiyo sababu Uingereza ilipotunga sheria ya mwaka 1876 ya kudhibiti majaribio haya iliandika wazi kwamba kurare haihesabiwi kuwa dawa ya usingizi. Ni kifungu kifupi, na mimi hukitazama kwa mshangao: bila kazi ya Magendie na Bernard, wabunge wasingejua kwamba mnyama aliyetulia tuli mezani anaweza kuwa anateseka.

Kuhusu ubongo wenyewe, kumbukumbu imechanganyika zaidi. Katika miaka ya 1820 Pierre Flourens aliwaondoa njiwa sehemu za ubongo moja baada ya nyingine. Alipoondoa ubongo mdogo wa kisogoni, njiwa aliyumba kama mlevi, na huo ukawa ugunduzi wa kweli. Lakini alihitimisha pia kwamba ubongo mkubwa unafanya kazi mzima mzima, bila mgawanyo, na kauli hiyo iliwapotosha wengi kwa karibu nusu karne. Wapinzani wanaosema ubongo wa ndege si ubongo wa mtu wanapata haki yao hapo. Mwaka 1861 Paul Broca aliitambua sehemu ya usemi kwa kuchunguza ubongo wa mgonjwa aliyefariki, na John Hughlings Jackson alikisia eneo la mwendo kwa kutazama jinsi degedege la kifafa linavyotambaa kutoka kidole gumba hadi bega. Hawakumpasua mnyama yeyote.

Ila makisio ya Jackson yalihitaji kuthibitishwa. Mwaka 1870, Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme mdogo na mguu wa upande wa pili ukarushwa. Kuanzia mwaka 1873 David Ferrier, daktari wa Uingereza, aliendeleza kazi hiyo kwa kima, akitumia dawa ya usingizi. Mwaka 1874 daktari mmoja wa Cincinnati, Roberts Bartholow, alifanya lile ambalo watu husahau kulipima wanapouliza njia mbadala: alichoma nyaya za umeme kwenye ubongo wa mwanamke wa miaka 30, mtumishi wa nyumbani, ambaye saratani ilikuwa imemla fuvu. Alipata degedege na siku chache baadaye akafariki. Maskini asiye na wa kumsemea ndiye angekuwa mbadala wa kima, na kwa siku kadhaa alikuwa.

Ferrier alimleta kima wake kwenye mkutano wa madaktari London, Agosti 1881. Alikuwa ameondolewa eneo la mwendo la upande wa kushoto, naye alichechemea kwa upande wa kulia kama mzee aliyepata kiharusi. Jean-Martin Charcot, daktari mashuhuri wa neva kutoka Ufaransa, alipomwona akasema, «Huyu ni mgonjwa!» Novemba wapinzani wa upasuaji wa wanyama hai wakamfikisha Ferrier mahakamani. Kesi ikafutwa, kwa kuwa aliyeshika kisu alikuwa mwenzake Gerald Yeo, mwenye kibali. Miaka mitatu baadaye, tarehe 25 Novemba 1884, daktari wa upasuaji Rickman Godlee alifungua fuvu la kijana mkulima aliyekuwa akishikwa na degedege na kupooza mkono. Nje ya fuvu hapakuwa na dalili ya kumwonyesha pa kukata. Walifuata ramani ya ubongo iliyothibitishwa kwa kima, na uvimbe ukakutwa palepale. Kijana alifariki karibu mwezi mmoja baadaye kwa maambukizi, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Mimi nasimama wapi? Kima wa Ferrier namkubali, kwa moyo mzito: alilazwa kwa dawa, swali lilikuwa jipya, na aliyelisubiri jibu alikuwa kitandani akitetemeka. Vitoto vya mbwa vya mwaka 1822 vinanishinda. Siwezi kusema Magendie asingefanya, maana ninafaidika kila ninapoingia hospitali, na siwezi kusema alifanya sawa, maana chura alikuwapo kwenye kila dimbwi la Ufaransa. Mbwa wa London wa mwaka 1824 simkubali kabisa. Jibu lilikuwa limekwisha chapishwa, na wale waliojipanga kumtazama akikatwa wangeweza kulisoma.